Maswali ya Wasomaji: Futoni au Godoro la Kawaida kwa Usingizi wa Kila Siku?

SWALI: Ndugu mshauri, nakusalimu kwa heshima. Mimi na mume wangu tunaishi katika chumba kimoja ambacho mchana ndimo ninamofanyia kazi yangu ya ushonaji na usiku ndimo tunamolala. Kitanda chetu na godoro lake la springi vimechoka, na tunataka kununua kitu kipya. Mume wangu anapendelea futoni ya kutandika sakafuni, kwa kuwa asubuhi itakunjwa na kuniachia nafasi, na pia kwa kuwa ameambiwa na wenzake kazini kwamba kulala juu ya kitu kigumu kutamwondolea maumivu ya kiuno yanayomsumbua kila anapoamka. Mimi hulala ubavu, na nikilalia kitu kigumu bega hufa ganzi. Tena nimeona dukani futoni nene iliyowekwa juu ya fremu ya mbao inayogeuka kuwa kochi, nayo inauzwa kwa jina hilo hilo. Je, tuchukue ipi, au tubaki na godoro la kawaida?

JIBU: Dada yangu, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu wengi huenda dukani bila kulijua na hurudi na kitu wasichokikusudia. Futoni ya asili, ile ya Japani, ni godoro jembamba, aghalabu la pamba tupu au pamba iliyochanganywa na nyuzi za poliesta, lenye unene wa sentimita 5 hadi 10 hivi. Hutandikwa juu ya tatami, yaani mikeka minene ambayo kwa desturi ina moyo wa mabua ya mpunga na uso uliofumwa kwa matete laini, kisha mlalaji hujifunika mfarishi wake. Asubuhi hukunjwa na kuwekwa kabatini, na siku ya jua hutundikwa nje ikauke na kukung'utwa vumbi. Futoni ya kochi, iliyoenea Marekani na Ulaya katika miaka ya 1970 na 1980, ni kitu kingine. Unene wake huwa kama sentimita 15 hadi 20, ndani yake mara nyingi mna pamba pamoja na sponji, wakati mwingine hata springi, na imekusudiwa kukaa juu ya fremu. Hiyo haikunjwi ikaingia kabatini. Ni nzito, na hata ikigeuzwa kuwa kochi inaendelea kuchukua nafasi ya kochi, basi kama shida yako ni nafasi ya kukatia vitambaa, haitakusaidia kama unavyotarajia.

Sasa nije kwenye futoni ya sakafuni. Inafaa kabisa kwa usingizi wa kila siku, na mamilioni ya watu wamelala juu yake maisha yao yote, lakini inamfaa mtu aliye tayari kuihudumia kila siku. Godoro la kitandani huvumilia uvivu wetu: likitandikwa shuka na kuachwa mahali pake mwaka mzima, bado litalalika. Futoni haivumilii hivyo. Kabla ya kupima ugumu wake au kulinganisha bei, kaeni wawili mjiulize kwa unyofu nani ataiinua kila asubuhi, ataiweka wapi, na ni wapi itakapopata upepo na jua. Kama swali hilo halina jibu, mengine yote niliyo nayo ya kusema juu ya futoni hayatawafaa.

Sababu yake ni unyevu. Mwili wa binadamu hutoa jasho na mvuke usiku kucha, hata pale mtu anapojiona hajatoka jasho, na sehemu ya unyevu huo hushuka ndani ya kile alicholalia. Godoro lililo juu ya chaga za kitanda hupitiwa na hewa kutoka chini, kwa hiyo unyevu una njia ya kutokea. Futoni iliyo sakafuni haina njia hiyo. Mvuke wenye joto la mwili hushuka hadi kwenye sakafu iliyo baridi zaidi, na hapo hugeuka kuwa majimaji kati ya kitambaa na sakafu, hasa ikiwa sakafu ni ya saruji, vigae au mbao zilizopakwa vanishi. Pamba nayo hunyonya maji vizuri na huyaachia polepole. Ikiachwa hapo siku baada ya siku, upande wa chini huanza kuwa na madoa meusi ya kuvu pamoja na harufu ambayo kuifua hakuiondoi, kwa kuwa futoni ya pamba haifuliwi yote kwa maji; kinachofuliwa ni foronya yake tu. Tatami zenyewe zina sehemu katika jambo hili, kwani nyasi zake hunyonya na kuachia unyevu, na hivyo ndivyo futoni ilivyoishi karne nyingi bila kuoza. Anayeichukua futoni na kuiacha tatami amechukua nusu ya mpango. Ikiwa sakafu yenu ni ya vigae, itabidi muweke chini yake jukwaa la chaga lililo chini sana, au angalau mkeka mnene unaopitisha hewa, na huo nao uinuliwe na kukaushwa.

Juu ya kiuno cha mume wako, naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu ushauri aliopewa na wenzake umeenea mno na umewalaza watu wengi juu ya mbao bila faida. Wagonjwa wa mgongo waliambiwa kwa miaka mingi na hata matabibu kwamba kadiri kitanda kinavyokuwa kigumu ndivyo kinavyoponya. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa magodoro magumu na wengine magodoro ya ugumu wa kadiri, bila kuambiwa nani amepata lipi. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa kadiri ndio waliokuwa na nafuu kubwa zaidi, kwa maumivu ya kitandani, maumivu ya kuamka, na uwezo wa kufanya shughuli zao. Utafiti mwingine, wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2008, uliwashirikisha watu 160 wenye maumivu ya kiuno na kulinganisha kitanda cha maji, godoro la sponji linalofuata umbo la mwili, na godoro gumu la futoni. Futoni haikushinda, hayo mawili mengine yaliitangulia, ingawa tofauti zilikuwa ndogo.

Sisemi kwamba futoni itamdhuru mumeo. Udogo wa tofauti hizo ni habari muhimu pia, maana unatuonya tusitarajie tandiko lolote kufanya kazi ya daktari. Ninachosema ni kwamba hoja ya kwamba ugumu unatibu kiuno isiwe ndiyo inayowapeleka dukani. Inawezekana kabisa kwamba maumivu yake ya asubuhi yanatokana na godoro lenu lililochoka, ambalo limeanguka katikati na kukunja kiuno usiku kucha, na kwamba kitu chochote kipya kilichonyooka kitampa nafuu. Mnaweza kulijaribu hilo bila gharama yoyote, kwa kuangalia kama maumivu hupungua anapolala mahali pengine kwa usiku kadhaa. Na kama maumivu yanashuka mguuni, au yanaambatana na ganzi au udhaifu wa miguu, huyo ni mtu wa kwenda hospitali kwanza, na godoro lisubiri.

Hali yako wewe inahitaji uangalifu mkubwa zaidi kuliko ya mume wako. Mtu anayelala chali husambaza uzito wake juu ya eneo pana, yaani mgongo, makalio na mapaja, kwa hiyo tandiko jembamba linaweza kumtosha. Anayelala ubavu huweka sehemu kubwa ya uzito wake juu ya bega na nyonga, na tandiko linatakiwa kuzama kidogo mahali hapo mawili ili uti wa mgongo ubaki umenyooka. Futoni ya sentimita 6 haina kina cha kuzama kiasi hicho. Bega likifika sakafuni, mishipa hubanwa na mkono hufa ganzi, kama unavyoeleza. Baadhi ya walalaji wa ubavu hutandika futoni mbili moja juu ya nyingine, au huongeza tandiko la sponji au la mpira asilia lenye unene wa sentimita 4 au 5. Hilo husaidia, lakini litazame kwa jicho la kazi za asubuhi: sasa vitu vya kukunja vimekuwa viwili, na kabati lazima liwe kubwa zaidi. Uchague pia mto wa kimo kinachojaza nafasi kati ya sikio na bega, kwa sababu mto mwembamba mno huiinamisha shingo na kuzidisha uzito unaolielemea bega.

Yapo mambo mawili ambayo wauzaji huyapita haraka. La kwanza ni kwamba pamba hugandamana. Futoni mpya ni laini na imejaa, lakini uzito wa mwili huishindilia usiku hadi usiku, na baada ya muda huwa bapa na ngumu, hasa chini ya nyonga. Kuianika, kuipiga na kuigeuza hurudisha sehemu ya ulaini wake, ila si wote. Nchini Japani wako mafundi wanaofungua futoni kuukuu, wakaichambua pamba yake upya, wakaongeza kidogo iliyopungua na kuishona katika kitambaa kipya, na kwa njia hiyo futoni moja hudumu muda mrefu sana. Naipenda desturi hiyo, kwa sababu hakuna godoro la springi linaloweza kutengenezwa upya hivyo. Likichoka hutupwa zima. Lakini kama hakuna fundi wa namna hiyo karibu nawe, hesabu kwamba utanunua futoni nyingine mapema kuliko ambavyo ungenunua godoro jingine.

La pili linahusu godoro la kawaida, na ni kosa la kuchanganya ugumu na ubora. Sponji inaweza kuwa ngumu ukiibonyeza dukani na bado ikawa hafifu. Kinachoonyesha itadumu kiasi gani ni uzito wake kwa ujazo, unaopimwa kwa kilo kwa kila mita ya ujazo. Kwa sponji ya kawaida ya kulaliwa na mtu mzima kila usiku, mimi nisingenunua iliyo chini ya kilo 30. Muulize muuzaji takwimu hiyo, na akishindwa kuitaja wala haimo kwenye lebo, nenda duka jingine. Kisha lilalie godoro pale pale dukani kwa namna unayolala nyumbani, ubavu wako kwa dakika kumi au zaidi, mume wako akiwa amelala pembeni yako, bila kuona haya. Kulibonyeza kwa kiganja hakumwelezi mtu chochote.

Basi, kwa hali mliyonieleza, chumba kimoja, kiuno chake na bega lako, ningechagua godoro la sponji la ugumu wa kadiri, lenye unene wa sentimita 15 hivi, lililogawanywa vipande vitatu vinavyokunjana, na kulilaza juu ya chaga nyepesi zinazoweza kuinuliwa zikaegemezwa ukutani. Linakupa sehemu kubwa ya nafasi mnayoitafuta, lina kina cha kulipokea bega, na linawasamehe asubuhi mlizochelewa. Angalieni tu kwamba maungio ya vipande hivyo yasiangukie chini ya kiuno au bega la yeyote kati yenu. Futoni halisi ningeichagua endapo wewe ungelala chali, na endapo mngekuwa na roshani au dirisha pana lenye jua.

SWALI: Ndugu mshauri, ninayo futoni ya kochi ambayo nimekuwa nikilala juu yake kila siku. Sasa imefanya bonde katikati, pale inapokunjika ikiwa kochi, na ninaamka nimechoka. Je, inaokoleka?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kuilaumu futoni, iondoe na uikague fremu. Katika nyingi ya fremu hizi chaga ziko mbali mno, na futoni huzama katikati ya chaga na chaga hata ikiwa bado nzima. Nafasi isizidi sentimita 7 au 8. Ikizidi, ongeza chaga kwa mbao zilizokatwa kwa kipimo kile kile, na uangalie pia kama ule mhimili wa katikati umepinda au skrubu zake zimelegea, kwa kuwa hapo ndipo mikunjo ya kila siku huumiza. Kisha igeuze futoni chini juu, na baada ya wiki chache izungushe upande wa kichwani uwe wa miguuni, na uendelee hivyo kwa zamu. Bonde la pamba iliyogandamana hupungua kwa njia hiyo. Bonde la sponji iliyokufa halipungui, na hapo dawa ni kununua futoni mpya peke yake, kwa sababu fremu nzuri ya mbao ngumu inaweza kulaza futoni kadhaa zikipokezana.

Nikuongeze jambo moja. Kitu kinachokaliwa mchana kutwa na kulaliwa usiku kucha huchakaa kwa kasi maradufu, na wanaokaa huelemea mahali pale pale, karibu na mkunjo. Kama nyumbani kuna kiti kingine, mchana kaa hapo.

SWALI: Mwanangu wa miaka minane ana pumu. Jirani ameniambia nimhamishie kwenye futoni ya pamba kwa sababu ni kitu cha asili, kisicho na kemikali. Je, ni kweli itamsaidia kupumua?

JIBU: Mama, asili ya pamba haimkingi mtoto wako na kile kinachowasumbua wengi wenye pumu, ambacho ni utitiri wa vumbi. Hawa ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hula mabaki ya ngozi yetu, na hupata maji yao kutoka katika unyevu wa hewa, kwa hiyo hustawi mahali penye joto na unyevu na hudhoofika pale unyevu wa hewa unaposhuka chini ya asilimia 50. Kinyesi chao ndicho kinachowasha njia za hewa. Wanaishi katika pamba sawasawa na wanavyoishi katika sponji, na futoni isiyoanikwa, ikilala juu ya sakafu yenye ubaridi, huwapa makazi mazuri kuliko godoro lililo juu ya chaga. Tena mtoto aliyelala sakafuni anavuta hewa iliyo karibu zaidi na vumbi linalotimuliwa na miguu ya watu.

Kwa hiyo ningemwacha kitandani. Livike godoro na mto wake mfuko wenye zipu uliofumwa kwa karibu sana, ule uliotengenezwa mahususi kuzuia utitiri, na ufue shuka, foronya na blanketi kila wiki kwa maji ya nyuzijoto 60 au zaidi, kwa sababu maji ya vuguvugu huondoa uchafu lakini hayawaui. Fungua madirisha asubuhi, na usitandike kitanda mara tu mtoto anapoamka. Kiache wazi kwa saa moja au mbili mvuke wa usiku utoke. Ukiona kuvu popote chumbani, tafuta unyevu unaingilia wapi na kuuziba, kwani kufuta doa pekee hakutoshi. Hatua hizi ni nyongeza, dada yangu, wala hazichukui nafasi ya dawa za mtoto. Usipunguze dozi yake kwa sababu umebadilisha tandiko; zungumza kwanza na daktari anayemtibu.

SWALI: Mama yetu ana umri wa miaka 74 na amehamia kwetu. Chumba tulichompa kina futoni ya sakafuni iliyo nzuri na nene, lakini tunaona anapata tabu kuinuka, ingawa mwenyewe anasema hataki kutuingiza katika gharama. Tumwachie, au tumnunulie kitanda?

JIBU: Mnunulieni kitanda, na msingoje aanguke. Kuinuka kutoka sakafuni kunadai nguvu za mapaja, wepesi wa magoti na usawa wa mwili kwa wakati mmoja, na mambo hayo matatu ndiyo yanayopungua kwa umri. Hatari ni kubwa zaidi usiku, anapoamka kwenda msalani akiwa na usingizi na gizani. Najua wazee waliozoea kulala chini tangu utotoni na ambao bado huinuka bila shida, na hao sioni sababu ya kuwahamisha kwa nguvu, lakini mama yenu ameshaonyesha kwa mwili wake kile ambacho kwa heshima hataki kukisema kwa mdomo.

Kitanda kirefu mno nacho kina hatari yake. Kimo kinachofaa ni kile ambacho akiketi ukingoni nyayo zake zote zinakanyaga sakafu, na magoti yake yako usawa wa nyonga au chini yake kidogo. Kwa watu wazima wengi hicho huwa kati ya sentimita 45 na 60 kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Chagueni godoro lenye ukingo mgumu, usiobonyea anapoketi, kwa kuwa ukingo laini humtelezesha mzee mbele wakati wa kusimama. Pimeni kimo hicho yeye mwenyewe akiwa ameketi, maana godoro hupungua sentimita kadhaa likielemewa, na kama kitanda mtakachokipata ni kirefu kuliko inavyotakiwa, fundi seremala anaweza kukata miguu yake minne kwa kipimo kimoja.